Vibonzo Vilivyonyimwa Ukurasa



Mwanzoni mwa Julai 1945, wasambazaji wa magazeti jijini New York waligoma. Mgomo ulidumu siku 17. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha miezi miwili tu nyuma, vya Japani vilikuwa bado vinapiganwa, na mamilioni ya wakazi wa jiji hawakuletewa gazeti mlangoni. Meya wao, Fiorello La Guardia, alikuwa na kipindi cha redio kila Jumapili katika kituo cha WNYC. Alipofikiria watu wake wamekosa nini, hakusahau katuni. Akaketi mbele ya kipaza sauti, akawasomea watoto wa jiji hadithi ya mpelelezi Dick Tracy, kisanduku baada ya kisanduku, akieleza picha na kuigiza sauti za wahusika, ili wasipitwe na kisa walichokuwa wakikifuata.

Wengi wenu hapa mmeikuta katuni gazetini ikiwa imejibanza pembeni, juu ya chemsha bongo na chini ya utabiri wa nyota. Ni vigumu kuamini kwamba kulikuwa na wakati meya aliihesabu miongoni mwa huduma ambazo mji haupaswi kukosa. Nataka tuzungumze habari za vibonzo, yaani katuni za visanduku vitatu vinne zinazoendeleza kisa au kichekesho siku hadi siku. Kwa sehemu kubwa nitabaki Marekani, maana huko ndiko vilikokua kuliko kwingine kokote, na huko ndiko unakoweza kufuata kudidimia kwake hatua kwa hatua. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba intaneti ndiyo iliyoviua. Sikubaliani nayo. Intaneti ilifika ikakuta kazi imeshafanyika. Vibonzo viliminywa kwa muda wa nusu karne na watu walewale waliokuwa wakivichapisha, nao walitumia rula, wakikata inchi baada ya inchi.

Hadithi za picha ni za zamani; Mswisi Rodolphe Töpffer alikuwa akizitoa vitabuni tangu miaka ya 1830. Kibonzo cha gazeti, hata hivyo, kilizaliwa na ushindani wa biashara. Mwaka 1895 gazeti la New York World la Joseph Pulitzer lilikuwa na mtambo wa kuchapa rangi na toleo nene la Jumapili lililohitaji kujazwa. Mchoraji wake Richard Outcault alileta picha za uchochoro wa maskini, Hogan's Alley, uliojaa watoto wa wahamiaji. Kati yao alisimama mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa, masikio makubwa na kanzu ya kulalia. Kanzu ile ilipopakwa rangi ya manjano, jiji zima likamjua kwa jina la Yellow Kid. Fikirini wasomaji wa gazeti lile walikuwa kina nani: Wairishi, Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, Waitaliano, wengi wao Kiingereza kikiwa bado hakijawakaa mdomoni. Picha ya uchochoro wao wenyewe hawakuhitaji kutafsiriwa.

Oktoba 1896 William Randolph Hearst, mpinzani mkubwa wa Pulitzer, alimchukua Outcault kwa fedha akamweka katika New York Journal. Pulitzer hakunyamaza. Alimwajiri George Luks aendelee kumchora mtoto yuleyule. Jiji likawa na watoto wawili wa kanzu ya manjano katika magazeti mawili yanayotukanana, na uandishi wa kelele na chumvi nyingi uliotokana na vita vile ukaitwa uandishi wa manjano hadi leo.

Katika ugomvi huo lilizaliwa swali ambalo limevisumbua vibonzo maisha yake yote: mhusika ni mali ya nani? Rudolph Dirks, mzaliwa wa Ujerumani, alianza kuchora The Katzenjammer Kids kwenye gazeti la Hearst mnamo Desemba 1897, akisimulia utundu wa ndugu wawili, Hans na Fritz. Alipogombana na mwajiri wake mwaka 1912 akahamia upande wa Pulitzer, kesi ilikwenda mahakamani. Uamuzi ulikuwa wa ajabu: Hearst abaki na jina la kibonzo, Dirks abaki na haki ya kuwachora wahusika wake. Kwa zaidi ya miaka 60 Marekani ilisoma Hans na Fritz wa aina mbili, kila mmoja akidai ndiye wa kweli.

Bud Fisher wa San Francisco alikuwa mwerevu zaidi. Mnamo Novemba 1907 alianza kumchora mcheza kamari wa mbio za farasi aitwaye Mutt katika gazeti la Chronicle, kila siku, kwa safu moja ya visanduku vinavyokata ukurasa. Utaratibu huo ndio uliokuja kuwa sura ya kibonzo cha kila siku. Mwezi mmoja baadaye alipokuwa akihamia gazeti la Hearst, aliandika kwa mkono wake ndani ya mchoro kwamba haki ni ya H. C. Fisher. Mstari ule mmoja, ambao mahakama ziliutetea, ulimfanya tajiri mkubwa. Wenzake wengi hawakuuandika. Walitia saini mikataba na mawakala wa usambazaji kama King Features ya Hearst, ambao walichukua mchoro mmoja wakautuma kwa posta kwa mamia ya magazeti, kila gazeti likilipa kulingana na wingi wa nakala zake. Mapato yaligawanywa nusu kwa nusu, na wahusika wakawa mali ya wakala. Mchoraji akichoka au akifa, wakala huajiri mkono mwingine.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwa mchoraji mmoja, kwa sababu bila yeye hamtaelewa ninalilia nini.

George Herriman alizaliwa New Orleans mwaka 1880. Tangu 1913 hadi alipofariki Aprili 1944 alichora Krazy Kat. Kisa chake kinaelezeka kwa pumzi moja. Paka Krazy, ambaye hujui kama ni dume au jike, anampenda panya Ignatz. Ignatz hamtaki, na kila siku anamrushia tofali kichwani. Krazy anaamini tofali ni salamu ya mapenzi. Mbwa polisi, Offissa Pupp, anampenda Krazy kimyakimya, na kila siku anamtia panya ndani. Ni hayo tu, kwa miaka 30. Lakini ukifungua ukurasa wake wa Jumapili, ambao tangu 1916 ulimpa karatasi nzima ya gazeti, unaingia jangwa la Coconino huko Arizona, na jangwa lile halitulii. Katika kisanduku kimoja nyuma ya wahusika kuna mlima. Katika kinachofuata, bila wao kupiga hatua, pana mti, kisha mwezi uliokatwa kama kipande cha tikiti. Visanduku vyenyewe huwa vya duara, vya mshazari, au havina mipaka kabisa. Lugha ni Kiingereza kilichochanganyika na Kihispania na lafudhi za mitaa kadhaa.

Wahariri wengi hawakulitaka jambo hili. Wasomaji walilalamika hawaelewi. Hearst, ambaye kwa mambo mengine simtetei, aliamuru kibonzo kile kibaki. Mwaka 1924 mhakiki Gilbert Seldes alikiweka miongoni mwa kazi bora za sanaa zilizokuwa zikitoka Marekani wakati huo. Herriman alipofariki, wakala hakumtafutia mrithi. Michoro aliyoacha mezani ilichapishwa hadi Juni, basi.

Mwaka 1971 ilionekana hati yake ya kuzaliwa, ikimtaja kuwa mtu mweusi. Familia yake walikuwa Wakrioli wa New Orleans, wakahamia California alipokuwa mtoto, na maisha yake yote ya kazi Herriman alipita kama mzungu. Wenzake ofisini walimdhania Mgiriki. Siwezi tena kusoma habari za kiumbe asiyekaa ndani ya jina moja, kwenye nchi ambayo mlima hauachi kugeuka, bila kulikumbuka hilo. Na nawaomba mtazame jambo la kiufundi hapohapo: mchukueni Herriman, mpeni nafasi yenye kimo cha inchi mbili. Tofali litabaki. Jangwa litatoweka.

Winsor McCay naye alipewa ukurasa mzima na New York Herald tangu Oktoba 1905 achore ndoto za mtoto Nemo, ambaye kitanda chake huota miguu mirefu kikatembea juu ya majumba. Miguu ile haiwezi kurefuka pasipokuwa na karatasi ya kurefukia.

Kipo kitu kingine ambacho gazeti la kila siku lilikitoa bure, nacho ni muda. Frank King alikuwa akichora Gasoline Alley, kibonzo cha wanaume wanaozungumzia magari uani. Tarehe 14 Februari 1921 mhusika wake Walt, kapera, alikuta mtoto mchanga ameachwa mlangoni. Mtoto akaitwa Skeezix, na King akafanya uamuzi ambao wachoraji wengi hawakuuthubutu: akamwacha akue. Msomaji aliyekuwa na mtoto wa mwaka huohuo alimwona Skeezix akianza shule pamoja na wake, akaenda vitani pamoja na wake, akaoa. Kibonzo hicho kinachorwa hadi leo na mikono mingine. Sijui sanaa nyingine iliyoweza kuishi na watu namna hiyo, dakika moja kila asubuhi, kwa umri mzima wa mtu.

Magazeti makubwa ya wazungu yaliwachora watu weusi kwa midomo minene na ujinga, na aibu hiyo haifutiki. Kwa hiyo kazi ya Jackie Ormes ina uzito wa pekee. Mwaka 1937 gazeti la weusi, Pittsburgh Courier, lilianza kuchapisha kibonzo chake cha Torchy Brown, msichana wa Kusini anayekwenda Harlem kutafuta maisha jukwaani. Torchy alivaa vizuri, alifikiri, alikosea, alijikwamua. Ormes ndiye mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kujulikana kama mchora vibonzo, na baada ya vita alimtumia mtoto mdogo Patty-Jo kusema juu ya ubaguzi na siasa mambo ambayo wahariri wanaume waliyaandika kwa woga. Kina Ormes walihitaji magazeti yao wenyewe ili waonekane. Charles Schulz alipomwingiza Franklin, mtoto mweusi, katika Peanuts mwezi Julai 1968, ilikuwa ni baada ya mwalimu mmoja wa California kumwandikia barua.

Tunafika kwenye rula.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi iliadimika. Magazeti yalipunguza kurasa, na kurasa za vibonzo vya Jumapili zikakatwa kuwa nusu, kisha theluthi. Vita vikaisha, karatasi ikarudi, lakini inchi zilizochukuliwa hazikurudishwa. Wahariri walikuwa wamegundua kwamba vibonzo vinne vinaingia palipokuwa na viwili na msomaji bado ananunua. Prince Valiant, hadithi ya mashujaa iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, ilishikilia ukurasa mzima katika baadhi ya magazeti hadi 1971. Kisha nayo ikasalimu amri.

Mawakala walipoona mwelekeo huo waliugeuza kuwa bidhaa. Tarehe 2 Oktoba 1950 kilitoka katika magazeti saba kibonzo kipya cha visanduku vinne vilivyolingana kabisa, ili mhariri aweze kuvipanga kwa safu, kwa wima, au viwili juu ya viwili, popote palipobaki tundu. Kiliuzwa waziwazi kama kibonzo cha kuokoa nafasi. Hata jina lake, Peanuts, lilichaguliwa na wakala, na Schulz alilichukia hadi kufa. Hicho ndicho kibonzo kilichopendwa kuliko vyote. Kilifika magazeti zaidi ya 2,600. Schulz alichora peke yake vibonzo 17,897 kwa karibu miaka 50, na alifariki usiku wa tarehe 12 Februari 2000, saa chache kabla kibonzo chake cha mwisho cha Jumapili hakijafika mikononi mwa wasomaji.

Najua mtaniambia: basi, si ufinyu ulimzaa Schulz? Naam, ulimzaa. Alikuwa na kipaji cha kuweka huzuni ya mtu mzima katika mstari mmoja wa kalamu, na akaugeuza udogo kuwa ukimya. Lakini wenye magazeti walijifunza kwake somo potofu. Walidhani mafanikio yake yanathibitisha kwamba nafasi haina maana, na waliomfuata wakalazimika kuchora vichwa viwili vinavyoongea mbele ya ukuta mtupu, maana kitu kingine kisingesomeka. Mchoro wa Jumapili ukawekewa masharti kwamba safu ya juu iwe ya kutupwa: mchoraji achore visanduku viwili ambavyo mhariri akitaka anaviondoa na kisa kisipungukiwe. Hebu mwambieni mtunzi wa utenzi atunge beti mbili za mwanzo kwa sharti hilo.

Bill Watterson alikataa. Calvin and Hobbes yake, habari za mtoto na chui milia wake wa kitambaa, ilianza Novemba 1985. Mwaka 1989 alisimama mbele ya wachoraji wenzake katika Chuo Kikuu cha Ohio State akawaambia kwamba mawakala na magazeti wanaishusha thamani sanaa yao, na kwamba wachoraji wenyewe wanashiriki. Alikataa wahusika wake wawe wanasesere na fulana, akaacha fedha ambazo wengi wetu tusingeziacha. Mwaka 1992, baada ya likizo, akatoa sharti: kibonzo chake cha Jumapili kichukue nusu ukurasa, kisikatwe wala kupangwa upya. Wahariri walikasirika, wengine wakatishia kukiondoa. Wengi mno walikibakiza, kwa sababu wasomaji walikitaka. Tazameni kurasa zake za miaka mitatu iliyofuata, zenye misitu, sayari na mijusi wa kale. Kwangu mimi kurasa zile ni ushahidi wa mahakamani: mchoraji alikuwepo, msomaji alikuwepo, kilichokosekana kwa miaka yote ni nafasi. Aliacha kuchora tarehe 31 Desemba 1995.

Wakati huo kitu kingine kilikuwa kikifa, nacho ni ushindani. Zamani mji mmoja ulikuwa na magazeti matatu manne, na kila moja lilinunua haki ya kuwa peke yake na kibonzo fulani mjini pale. Televisheni iliyamaliza magazeti ya jioni. Yaliyobaki yalimezana. Jijini Dallas, mwaka 1989, wakala mmoja aliyahamisha makala na vibonzo vyake 26, Doonesbury ikiwemo, kutoka Times Herald kwenda kwa mpinzani wake Morning News. Times Herald lilishtaki, likashindwa, na Desemba 1991 likafungwa. Siyo vibonzo peke yake vilivyolifunga, ila mnaona vilikuwa silaha ya namna gani hata wakati huo. Gazeti likishabaki peke yake mjini, halihitaji silaha. Mhariri anaanza kuhesabu kibonzo kama gharama.

Na mhariri huyo pia ni mwoga. Akiondoa kibonzo kilichozeeka anapokea barua za hasira kutoka kwa wasomaji waliokizoea tangu utotoni. Akikataa kipya hapokei barua yoyote. Ndiyo sababu Blondie, iliyoanza 1930, imeendelea chini ya mtoto wa mwanzilishi wake, na vijana wakakosa mlango. Msomaji kijana akifungua ukurasa anakuta vichekesho vya babu yake, anaufunga.

Mambo ya karibuni hayahitaji maneno mengi. Katikati ya miaka ya 1980 Marekani ilichapisha zaidi ya nakala milioni 60 za magazeti kwa siku ya kazi. Kufikia 2020, kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Pew, zilikuwa zimeshuka hadi milioni 24 hivi. Mwaka 2022 kampuni ya Lee Enterprises ilivipunguza vibonzo vya magazeti yake mengi kuwa nusu ukurasa unaofanana. Mwaka uliofuata Gannett, iliyokuwa na magazeti zaidi ya 200, nayo ikaanza kuyapa orodha moja fupi ya kuchagulia. Ofisi moja sasa inaamua mji mzima wa mbali ucheke nini.

Wachoraji wamehamia kwenye simu, na wako wenye vipaji vikubwa. Huko hakuna mhariri wa kukata, wala mwisho wa karatasi. Ninachokililia ni ule ukurasa wa pamoja. Karani wa benki, fundi viatu na mtoto wa darasa la tatu walisoma kibonzo kilekile asubuhi ileile, na mchana wangeweza kutaniana nacho bila kujuana. Simu inampa kila mtu anachopenda tayari. Gazeti lilimpa Krazy Kat mtu ambaye hakuiomba.

Kwetu Afrika Mashariki kibonzo kilishika mizizi kwa njia hiyohiyo ya gazeti. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliishi na wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, akifanya ujinga unaomfanya msomaji ajipime. Chakubanga wa Christian Gregory alisimama kwenye kurasa za Uhuru, akaipa Tanzania ya wakati wa Ujamaa mtu wa kumcheka. Jarida la Sani liliwaleta kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, na mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki kijana, uliwafundisha wachoraji wa kizazi kizima. Leo katuni moja ya siasa bado inapewa heshima yake, na kina Gado na Masoud Kipanya wameistahili. Kibonzo chenye kisa cha kuendelea ndicho kilichobanwa.

Nawaambia basi habari za mtu mmoja wa mwisho. Bill Blackbeard wa San Francisco alikuwa akitafiti historia ya vibonzo miaka ya 1960 alipogundua kwamba maktaba za Marekani zilikuwa zikipiga magazeti yao picha za filamu ndogo, nyeusi na nyeupe, kisha kuyatupa magazeti yenyewe. Rangi zote za Herriman na McCay zilikuwa zinakwenda jalalani. Akasajili taasisi nyumbani kwake mwaka 1968, akaanza kuyapokea yale majalada mazito, mpaka vyumba vikajaa hadi gereji. Mwaka 1998 mkusanyiko wake ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State: malori makubwa sita, tani 75, vibonzo takriban milioni mbili na nusu. Vitabu vingi vizuri vya vibonzo vya zamani mnavyoviona leo vimepitia mikononi mwake.

Hapa ukumbini wamo watu ambao wazazi wao waliweka magazeti na majarida kama Baraza, Taifa, Uhuru na Sani chini ya kitanda au darini. Naomba msiyachome wakati wa kuhama nyumba, wala msikate katuni peke yake. Acheni ukurasa mzima, pamoja na tarehe yake juu na tangazo la sabuni pembeni, maana mtafiti atahitaji kujua kibonzo kilipewa inchi ngapi na kilikaa jirani na nini. Yawekeni pakavu, mbali na jua, yakiwa yamelala. Kisha mpigieni mkutubi wa chuo kilicho karibu nanyi, mwambieni mnayo ya miaka gani.